Mimba ya Kulipia na Mimba ya Bure

Huku kwetu Masukulu, ng'ombe wa maziwa akilia usiku, mwenye nyumba hasubiri kuambiwa. Anatoka na tochi, mvua inyeshe isinyeshe, kuangalia kama ni njaa au ni joto. Joto lenyewe halimalizi siku nzima, na likipita ni kungoja wiki tatu. Basi anapigiwa simu mhimilishaji, anafika na pikipiki na mtungi wa mbegu za dume kutoka kituo cha Usa River, Arusha, zilizogandishwa kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Unalipa, unasubiri, ng'ombe anarudia joto. Unalipa tena, na juu yake unasema ndaga fijo, asante sana.

Paka wangu hana makuu hayo. Alipanda juu ya bati akatoa tangazo, madume yakaitika kutoka kila upande wa migomba. Asubuhi jirani akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna mgonjwa. Kwa kawaida yai la paka halitoki mpaka apandwe, kwa hiyo safari ya dume ni nadra kwenda bure. Wiki tisa hivi, uzao huo hapo, na akiwa bado ananyonyesha anaweza kushika mimba nyingine. Tena watoto wa uzao mmoja huweza kuwa na baba tofauti. Kwangu mmoja alitoka na manjano ya dume la dukani, mwingine mweusi ti kama dume la mzee wa kanisa. Wenye madume hayo hupeana mikono kila Jumapili, wala hawajui kwamba wameshakuwa ndugu kabatini kwangu.

Naam, kabatini. Wodi ya wazazi aliichagua mwenyewe: sare ya kwaya ya mke wangu, iliyopigwa pasi Jumamosi jioni.

"Baba, njoo uwaone wajukuu zako," mke wangu aliniita, kwa sauti isiyokuwa ya pongezi.

Kugawa watoto ndiyo ilikuwa kazi. Kila mtu anataka dume, na majike tulikuwa nayo tele. Wageni wetu wakawa wanaondoka na kapu la ndizi, na chini ya ndizi, paka. Shemeji mmoja alirudi wiki iliyofuata na kapu lilelile. Akasema ndizi zilikuwa tamu sana, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipomwomba bwana mifugo amfunge paka kizazi. Alikuwa anaosha kwa sabuni mkono uliotoka kuzama ndani ya ng'ombe hadi karibu na bega.

"Mzee, huyu nahangaika ashike, na yule nihangaike asishike?"

Alipomaliza kucheka alinipa somo. Paka aliyetolewa mji wa mimba na mifuko ya mayai hapati usaha wa kizazi, ugonjwa unaoweza kuua. Akifanyiwa mapema, kabla ya joto la kwanza, hatari ya saratani ya matiti hupungua sana, na uvimbe mwingi wa matiti ya paka huwa ni saratani. Madume yakikosa sababu ya kuja, ugomvi wa paani unapungua, na kung'atana kunakoweza kuleta kichaa cha mbwa nako kunapungua.

Mama yangu hakuafiki. "Mwanangu, paka asiyezaa atakamata panya kwa ajili ya nani?" Bwana mifugo akamjibu kwa adabu kwamba uwindaji hauko kwenye kizazi. Ila apunguziwe chakula kidogo, maana atanenepa.

Usiku wa kuamkia upasuaji paka hatakiwi kula. Wangu alilia mpaka kukakucha, mke wangu akauliza kama upasuaji wenyewe ndio umeshaanza. Tukapanda bodaboda hadi mjini Tukuyu, yeye ndani ya tenga, na kila shimo la barabara akalitolea maoni. Alirudi amelegea kwa dawa ya usingizi, tumbo limenyolewa, mshono mfupi kama kidole gumba. Kazi yetu ikawa kumzuia asiulambe mpaka upone.

Sasa bati limetulia na kwaya inavaa sare safi. Juzi mama ameamka akakuta panya mnono amelazwa juu ya ndala zake, mkia umenyooshwa vizuri kuelekea mlangoni. Akamtazama paka, paka naye akamtazama.

"Huyu," mama akasema, "amesikia yote niliyomsema."