Mguu Mmoja Kenya, Mguu Mmoja Uganda

Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha bodaboda hapa Busia alinipa kazi niliyoihesabu kuwa ya nusu saa: ukurasa wa programu ya simu wenye kitufe cha ITA BODA, na juu yake picha ya dereva kwenye pikipiki. "Ipendeze, kijana wangu. Jina hili limezaliwa hapa mpakani." Hakukosea. Miaka ya 1960 baiskeli ndizo zilizovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpakani, wenyewe wakiita abiria: boda, boda!

Nikafungua Inkscape, programu ya bure ya kuchorea. Nikachora pikipiki, nikachora dereva, nikamalizia na anga. Anga ikafunika kila kitu. Humo kinachochorwa mwisho ndicho kinachokaa juu, kama blanketi. Mimi nikadhani kazi imefutika, nikaanza upya. Mara ya tatu ndipo nikakumbuka kwamba kuna vitufe: Page Down hushusha kitu hatua moja, End hukitupa chini kabisa, Page Up hukipandisha hatua moja, Home hukirusha juu ya vyote.

Binamu yangu, tanboi aliyekwama siku mbili kwenye foleni ya malori Malaba, alikuwa amekuja kwangu kuoga. Nikamweleza. Akauliza, taulo begani, "Hiyo Home inauzwa wapi?"

Balaa lilikuwa miguu. Dereva akiwekwa juu ya pikipiki, miguu yote miwili iko upande huu. Akiwekwa chini, tangi la petroli linamkata kiuno. Kompyuta inataka uwe mbele au uwe nyuma. Haijawahi kuishi Busia, mtu anakolala Kenya na kununua sukari Uganda.

Nikamkata mguu. Mguu nyuma ya injini, mwili mbele. Akakaa sawasawa kabisa! Nikamsogeza kidogo kulia: mwili ukaenda, mguu ukabaki. Basi nikavishika vyote viwili, nikavifunga kuwa kitu kimoja, nikamtumia mwenyekiti bila kutazama tena. Sikujua kwamba vitu vikifungwa pamoja, vyote hupanda hadi pale kilipo cha juu.

Simu ikalia.

"Kijana wangu, abiria nimemwona. Amekaa upande, vizuri, kama mama mwenye sketi ya kanisani. Sasa dereva yuko wapi?"