Koti langu sasa ni msanii

Bana, kama una mtoto sekondari na hajajiunga na drama, funga mlango umshukuru Mungu polepole. Wangu alijiunga. Mimi nilijua karo ni karo. Uongo! Kuna karo, halafu kuna drama.

Muhula wa kwanza, vitabu hata havijatiwa jalada, simu inalia. Tuma pesa ya mavazi. Nikatuma. Wakapita kaunti ndogo. Tuma nauli ya kaunti. Wakapita. Tuma ya kanda. Nilidhani watoto wanaigiza, wazazi wanapiga makofi, kila mtu anaenda kwake. Kumbe hili tamasha liko tangu 1959, na linapandwa hivyo hivyo mpaka kitaifa, na ukishinda huko unaweza kuitwa ukamwigizie Rais. Wazazi wengine walifunga wakaomba shule ishinde. Mimi pia niliomba. Niliomba wapigwe mapema.

Tena nilikuwa na woga. Si mnakumbuka Aprili 2025, Nakuru? Wasichana wa shule ya Butere na mchezo wao wa Echoes of War? Waliimba wimbo wa taifa wakatoka bila kuigiza, polisi nao wakawa wanarusha vitoa machozi. Shule hiyo hiyo, 2013, ilibidi mahakama iingilie ndio Shackles of Doom ionekane jukwaani. Sasa mimi na polisi hatuelewani hata nikiwa nimenyamaza. Siku ya kutembelewa nikamuuliza binti yangu Shiku, mdomo wake umejaa chapati, "Kwenu hamjagusa serikali?"

"Hapana, Baba. Yetu ni ya familia tu. Ni mzee fulani."

Roho ikatulia. Akaniomba koti langu la kahawia. Nikalivua papo hapo, nikajiona baba wa maana.

Nani aliniambia niende kuona mashindano ya kanda? Tena nikakaa mbele. Mzee akaingia, ndevu za wanja, ndani ya koti langu. Ule mfuko wa kushoto niliushona mwenyewe kwa uzi mwekundu, kwa sababu ndio uliokuwepo. Landilodi akabisha. Mzee akazima redio. Akazima taa. Akaingia chini ya meza. Kisha akakohoa. Kikohozi changu! Kile cha mara mbili na kufinya cha tatu. Akaona ameshikwa, akaita kwa sauti ya kitoto, "Baba hayukooo!"

Ukumbi ukaanguka. Mama Shiku alicheka mpaka leso ikamtoka kichwani. Nami nikacheka, kwa nguvu kuliko wote, jirani wa kiti asije akanishuku.

Jaji akasimama na karatasi zake. Akamsifu mwigizaji sana. Ila mhusika, akasema, ametiwa chumvi kupita kiasi, haaminiki, baba wa namna hiyo hayuko. Safari ya kitaifa ikafia hapo. Maombi yangu yalijibiwa, lakini jameni, ndio yajibiwe hivyo? Kwenye matatu Mama Shiku aliniangalia kama mimi ndiye niliyeangusha shule.

Muhula wa pili nipumue? Wapi! Wakaja waigizaji wa kulipwa na Bembea ya Maisha, ile tamthilia ya Timothy Arege inayotahiniwa KCSE. Kila mtoto alipe kiingilio. Nikampigia mwalimu: si kitabu nilinunua? Si wasome? Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akanitakia siku njema.

Muhula wa tatu, siku ya zawadi, mwalimu mkuu akasema wageni watumbuizwe kidogo. Wakachagua kipande cha landilodi. Koti likapigiwa makofi kabla halijasema kitu. Nikageuka nione nani anacheka mpaka anapiga kiti. Landilodi wangu. Kumbe naye ana msichana shule hiyo hiyo.

Tarehe tano alibisha mlango. Nikazima redio.

"Baba Shiku," akasema kwa upole, "toka chini ya meza. Na usimtume mtoto kuongea, najua yuko bodingi."