Uainishaji wa Wahamisha Tovuti wa Uwanda wa Ufipa

Wataalamu wamewahesabu ndege wa Ziwa Rukwa na kuwapa majina samaki wa Ziwa Tanganyika, lakini kuna kiumbe wa Ufipa aliyesahaulika kabisa: mtu anayehamisha tovuti yake kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti kwenda nyingine. Makala hii inajaribu kumweka katika daftari la viumbe.

Kiumbe huyu hupatikana Sumbawanga mjini, pande za Mazwi, Chanji na Katandala, na kwa uchache Laela, Matai na Namanyere. Ni mwenye gesti, katibu wa saccos, meneja wa shule binafsi au mfanyabiashara wa mahindi. Tovuti yake mwenyewe haiko Ufipa. Hata umeme wa mji huu kwa miaka mingi ulinunuliwa Zambia. Seva iko Ujerumani. Jina la tovuti limesajiliwa Dar es Salaam. Na nywila iko kichwani mwa kijana aliyekwisha kuhamia Mbeya. Huhama zaidi baada ya mavuno, kuanzia Julai, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) unapoanza kununua mahindi na bili zilizolala tangu masika zinapopata mlipaji. Tovuti za serikali, kama za halmashauri za Kalambo na Nkasi, tumeziacha nje ya utafiti. Hizo hazihami, zinahamishwa.

Jamii ya kwanza ni Mhamaji wa Hasira. Tovuti imezimika Ijumaa jioni, simu ya kampuni haipokelewi, Jumatatu anahama. Hana mengi ya kuchunguzwa.

Jamii ya pili ni Mfuata Bei. Huyu huvutwa na punguzo la mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili ankara ya kulipia upya inapopanda, hufunga virago tena. Ana akaunti katika kampuni kadhaa, na katika kila moja ameacha nakala ya tovuti yenye namba ya simu aliyoitupa zamani.

Jamii ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo iliyotufanya tuandike: Mhamaji Yatima. Ili aeleweke, lazima kwanza tuipasue tovuti tuone viungo vyake. Viko vinne. Kuna mafaili, yaani picha na kurasa. Kuna hifadhidata, yanakokaa maandishi. Kuna barua pepe. Na kuna jina, lile la gesti yako linaloishia na .co.tz. Mafaili na hifadhidata huhama kirahisi: fundi anachukua bakapu, anaipakia kwenye seva mpya, anabadilisha nywila ya hifadhidata kwenye faili la mipangilio, kazi imekwisha mchana mmoja iwapo umeme haujakatika. Barua pepe ndiyo husahaulika. Rekodi inayoelekeza barua ziende wapi ni tofauti na ile inayoelekeza wageni kwenye kurasa, na fundi asipoigusa kwa makini, tovuti inapendeza huku maombi ya vyumba yakiingia kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua.

Jina halikai kwenye seva hata kidogo. Majina ya .tz huandikwa kwenye daftari moja kuu, na mteja huyapata kupitia msajili aliyeidhinishwa. Kule kwenye daftari kuna sehemu ya mmiliki, na hapo ndipo uyatima unapozaliwa: kijana aliyetengeneza tovuti aliandika jina lake na barua pepe yake, kwa nia njema, ili asimsumbue bosi. Bosi amelipa kila mwaka na ana risiti zote. Siku ya kuhama anaombwa msimbo wa uhamisho, na msimbo unatumwa kwa mtu mwingine. Tumeona katibu wa saccos akiwa na muhuri, katiba ya chama na muhtasari wa mkutano mkuu mezani, na bado analazimika kumbembeleza kijana kwa vocha.

Jamii ya nne, Mrudi Nyumbani, anayerudisha tovuti kwenye seva ya hapa nchini, bado ni adimu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu na intaneti ikalegea nchi nzima. Mwenye gesti wa Mazwi aligundua kwamba mteja aliye Chanji, mwendo wa bodaboda, hawezi kufungua tovuti yake bila kwanza kufika Ulaya. Tovuti iliyo kwenye seva ya Dar es Salaam haihitaji safari hiyo. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Saccos yenye orodha ya wanachama mtandaoni ingefaa iisome kabla ya kuchagua seva kwa bei tu.

Tabia moja inaunganisha jamii zote nne, nayo ni hofu ya siku ya kwanza. Jina likishaelekezwa kwenye seva mpya, mwenye laini moja ya simu anaona tovuti mpya na jirani yake wa laini nyingine anaona ya zamani, basi fundi anaitwa tapeli. Hana kosa. Kila mtandao hutunza anwani ya zamani kwa muda ulioandikwa kwenye rekodi, mara nyingi sekunde 86,400, yaani siku nzima. Fundi mzoefu huushusha muda huo hadi sekunde 300 siku mbili kabla, na seva ya zamani haizimi mpaka wiki ipite. Fundi wa namna hiyo tunapendekeza ahifadhiwe kisheria kama twiga.

Msomaji mwenye tovuti, mpigie msajili wako leo, umuulize jina gani limeandikwa kwenye sehemu ya mmiliki. Likiwa si lako, mtafute yule kijana sasa hivi, mngali marafiki.