Sifa za Vumbi la Makanya

Huko Uskoti kuna kisiwa kiitwacho Skye. Watu hulipa nauli ya ndege, wakapanda milima yake, wakakuta ukungu umefunika kila kitu, wakarudi kwao wakisimulia kwa furaha. Sisi wa Makanya tuna vumbi. Hufunika barabara kuliko ukungu, na halina kiingilio.

Lakini wenye likizo hutupita kwenye barabara kuu, baada ya Hedaru na kabla ya Same, vioo vimepandishwa juu. Wanakimbilia faru wa Mkomazi na theluji ya Kilimanjaro. Masikini! Faru ana saa zake za kuonekana, na Kilimanjaro huweza kujifunika mawingu mchana kutwa. Vumbi halijapata kumnyima mgeni miadi. Akishuka tu kwenye basi linampokea mizigo, linamkumbatia, linaingia naye hadi kitandani.

Tena halina ubaguzi. Aliyekuja na suti na aliyetoka kuchimba jasi huondoka na rangi moja. Kijana akisafiri nyuma ya lori la jasi, hushuka na mvi za mzee wa ukoo, na watoto humwamkia shikamoo. Jasi yenyewe huenda viwandani, ikachanganywa na saruji ili isigande upesi. Inayomwagika njiani ni fungu letu.

Ratiba ya mgeni ni nyepesi. Asubuhi atazame mistari ya mkonge, akisie rangi yake ya asili. Jua la utosi likifika, akae kivulini atazame kisulisuli kikicheza ngoma na mifuko ya plastiki. Jioni aandike jina lake kwa kidole juu ya meza ya mgahawa, kisha ale makande. Akisikia kitu kinasaga menoni, asimlaumu mpishi. Hicho ni kiungo cha hapa.

Na msidhani vumbi letu halina nasaba. Milima ya Upare huipokea mvua ya kutoka baharini kabla haijatufikia. Shengena, mwenye mita 2,462, hunywa mpaka akasaza, nasi huku nyuma yake twabaki kunusa. Lakini mlima hujua deni. Mvua kubwa ikinyesha juu, korongo hushusha mafuriko ya tope. Wakulima huyachepusha kwa mifereji hadi mashambani, wakavuna mahindi na ngwara kwa unyevu huo. Tope likikauka, upepo hulichukua. Kwa hiyo kinachokuingia machoni, mgeni wetu, ni Upare yenyewe imeteremka kukusalimu.

Njoo basi. Nguo nyeupe ziache nyumbani. Na siku ya kuondoka usikung'ute viatu: hiyo ndiyo zawadi ya kuwapelekea wa kwenu, na dukani hatuiuzi.