Taa ya Kijani Haijaapishwa

Dodoma ina mafundi wa umeme wengi kuliko soketi. Simama kwenye kona yoyote ya Majengo ukiwa na chaja mkononi: kabla hujamaliza kueleza tatizo, watu watatu wameshakutajia dawa yake na wa nne anaulizia bei. Hili nimelithibitisha tangu mpwa wangu, anayesoma UDOM, anunue gurudumu la umeme.

Naomba nilieleze hilo gurudumu, maana mjini kwetu bado ni kioja. Ni tairi moja tu. Halina usukani, halina kiti, halina mwenzake. Ndani yake kuna mota, betri na vifaa vya kulisimamisha lisianguke. Unakanyaga vibao viwili vya pembeni. Ukiinamia mbele linakwenda, ukirudi nyuma linasimama, ukisitasita unajikuta chini. Mmarekani mzaliwa wa China, Shane Chen, aliliingiza sokoni mwaka 2011 kwa jina la Solowheel, na sidhani kama alipokuwa akilichora aliuwaza mchanga wa Nkuhungu. Mpwa wangu alilipata kwa mgeni mmoja wa mradi aliyekuwa anarudi kwao. Siku aliyolitoa barabarani, dereva wa bodaboda alisimama akamwangalia kwa huruma, akamuuliza, "Kaka, hilo lingine wameliiba?"

Lilikuja na chaja yake ya ampea mbili, ambayo kulijaza ilitaka usiku kucha. Mimi sikuona tatizo. Usiku ni wa kulala, na kinacholala kichajiwe. Lakini kijana alitaka fasti chaja, eti ya ampea nane, tairi lijae wakati yeye anaoga na kunywa chai.

Hapa niseme jambo moja kwa ajili ya haki. Betri ile ni ya wati-saa 1,500 hivi. Ukiijaza kutoka sifuri, pamoja na umeme unaopotea njiani kuwa joto, haifiki uniti mbili. Kwa bei ya mteja wa kawaida, shilingi 356 na senti zake kwa uniti, ni kama shilingi mia sita. Lakini nyumbani kwangu mita ya LUKU ikianza kulia, mshitakiwa ni tairi. Hita ya kuogea, ambayo Juni na Julai inafanya kazi kuliko baba mwenye nyumba, haijawahi kuitwa hata kutoa ushahidi.

Fasti chaja ikaja kwa basi kutoka Kariakoo, imefungwa kwenye boksi la viatu. Plagi yake ya duara, ile yenye kola ya kuzungusha ili ikaze, iliingia kwenye tairi bila ubishi. Taa ikawaka kijani papo hapo.

"Mjomba, imejaa!"

"Imejaa saa ngapi? Si umechomeka sasa hivi?"

"Ndiyo fasti yenyewe hiyo."

Tairi lenyewe, kwenye simu yake, lilikuwa linasema asilimia hamsini. Tukampigia muuzaji. Akatujibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kula hela: chaja hiyo ina akili, inajua yenyewe.

Ilikuwa inajua kweli, ila inajua mambo mengine. Betri ya tairi lile ina seli ishirini zilizofuatana. Seli moja ya lithiamu ikijaa hufika volti 4.2, kwa hiyo zote zikijaa ni volti 84. Chaja ya Kariakoo ilikuwa ya volti 67.2, ya magurudumu madogo yenye seli kumi na sita. Betri ikiwa nusu tayari imevuka volti 70, na umeme haupandi mlima kutoka 67 kwenda 70. Chaja inaona hakuna anayevuta kitu, inawasha kijani, inapumzika. Kijani hicho maana yake ni kwamba haina kazi ya kufanya. Wapo maofisa wa namna hiyo, ila leo tuko kwenye chaja.

Habari zikafika kwa fundi wa bajaji, naye akaja na ufumbuzi kabla hajaliona tairi. Ana chaja ya bajaji ya umeme, imeandikwa volti 72. Na tairi, pembeni, kibandiko kimeandikwa volti 72. "Sasa mnatafuta nini tena, mzee?" Mpwa wangu alikuwa ameshanyoosha waya. Nikamwambia tairi haliguswi mpaka kitu kipimwe, tukaenda wote kwa fundi redio mmoja wa Chang'ombe, mzee wa Kigogo ambaye hapokei kazi kabla ya salamu.

"Mbukwenyi," akasema. Tukaitikia, tukakaa, tukaulizana habari za mvua ambayo wote tulijua haijanyesha. Ndipo akachukua mita, akachomeka chaja ya bajaji ukutani, akagusa pini mbili. Mita ikasoma 88.

Akaipima tena, kisha akamgeuzia fundi wa bajaji ile mita aisome mwenyewe. Ile 72 ya kwenye kibandiko ni jina la ukoo. Betri za risasi za bajaji, sita za volti 12, hupewa jina hilo, na chaja yake lazima ipande mpaka karibu volti 88 ili zijae. Betri ya lithiamu ya seli ishirini nayo huitwa 72, lakini ukomo wake ni 84. Gawa 88 kwa ishirini: kila seli inasukumiwa volti 4.4. Ndani ya betri kuna kadi ya ulinzi inayotakiwa kukata umeme kabla ya hapo, na kadi hiyo ikishindwa, kinachofuata ni moto wa lithiamu, ambao ndoo ya maji haiutishi. Na mpwa wangu huchajia sebuleni, kando ya kochi nililolipia kwa mkopo.

Fundi wa bajaji hakutetereka. "Mimi nilisema tujaribu tu."

Chaja ya tatu ilipatikana chuoni, kwa rafiki mwenye pikipiki ya umeme ya lithiamu. Ilipopimwa ilisoma 84 kamili. Tatizo likawa plagi: sura moja, matundu matatu yale yale, lakini chanya ya chaja ilikuwa pini ya kwanza na chanya ya tairi pini ya tatu. Kila kiwanda kina mpangilio wake, kama nyumba za wapangaji zenye choo kila moja upande wake. Mzee wa Chang'ombe alikata, akageuza nyaya, akalehemu, akapima tena, akaturudishia. Kijana akachajia hosteli, na kwa mara ya kwanza tairi likajaa kabla ya chai kupoa.

UDOM, kwa asiyepajua, iko mlimani.

Gurudumu hili likishuka mteremko, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ndiyo breki yake. Betri iliyojaa pomoni haina pa kuuweka. Kwa hiyo, hatua chache baada ya geti, tairi likaanza kupiga mlio na kuinua vibao kwa mbele, likimsukuma mpandaji arudi nyuma ashuke. Alishuka. Kilo zaidi ya ishirini, jua la saa saba, vumbi la Dodoma, na bodaboda mmoja akimsindikiza taratibu: "Nikubebe wewe au nilibebe tairi?" Agosti 2024 ilizinduliwa treni ya umeme kutoka Dar mpaka hapa, inavuta umeme wa kilovolti 25 kutoka waya wa juu ya reli na kufika kwa muda wa chini ya saa nne. Mpwa wangu kutoka chuoni mpaka kwangu alifika magharibi, kwa miguu, betri ikiwa asilimia mia.

Sasa hujaza mpaka asilimia themanini tu, kwa chaja ya kuazima. Mwenye kuuza chaja ya volti 84 ya tairi la namna hii aje, bei tutaelewana. Ila itapimwa Chang'ombe kabla ya kulipwa, na anayekuja na ya volti 88 asisumbuke kufungua boksi.