Ghorofa Tatu Kutoka Kitale

Keki iliondoka Kitale ikiwa na ghorofa tatu. Tulijua hivyo kwa sababu mwokaji alitutumia picha: rangi ya waridi, matone ya dhahabu yakishuka ukingoni, na namba 16 imesimama kileleni. Kitale ni nyanda za juu, na Agosti watu wake hulala na blanketi mbili. Lodwar iko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na mchana wetu hupita nyuzi 35 bila kumwomba mtu ruhusa. Katikati kuna safari ya kilomita karibu 300, mteremko wa Marich, Kainuk, Lokichar, na utingo aliyeambiwa aiweke keki mahali penye ubaridi akaiweka penye nafasi.

Ila chanzo hakikuwa keki. Chanzo kilikuwa simu. Binti yetu Akiru alirudi likizo kutoka shule ya bweni, akaazimwa simu ya mama yake kwa ajili ya masomo, na usiku uleule akamwonyesha mama yake video ya TikTok: msichana wa rika lake, gauni linalometameta, upinde wa baluni nyuma yake, moshi mweupe ukipanda miguuni, na zawadi zilizofungwa utepe zimefika kiunoni.

"Hii ni Nairobi," Mama Akiru akasema.

"Ni Kakuma, mama."

Wengi wetu huku Lodwar tukiitaja Kakuma tunafikiria malori ya mgao na foleni za wakimbizi, kana kwamba kambi imebaki vile ilivyofunguliwa mwaka 1992. Aliyewahi kupita kwenye soko la Wasomali au la Wahabeshi hashangai. Shirika la IFC lilikadiria mwaka 2018 kwamba uchumi wa kambi na mji wake ulikuwa na thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Palipo na maduka 2,000 hapakosi mtu wa kukodisha gauni. Na gauni lilikuwa la kukodi kweli. Hata zile zawadi, Akiru alinieleza bila kuona ajabu yoyote, ni maboksi matupu ya mpambaji. Yanapigwa picha, yanapakiwa kwenye Probox, yanaenda kwa bethdei nyingine.

Nimeyafikiria sana maboksi hayo. Mwaka 2005 MTV walianzisha My Super Sweet 16, watoto wa matajiri wa Marekani wakijifanyia sherehe za kutisha, na mara nyingi mwishoni linatokea gari jipya mbele ya marafiki wanaopiga kelele. Sisi tulikuwa na Tahidi High ya Citizen, ambako vijana walivaa sare na matatizo yao yaliishia kwa mwalimu mkuu. Gari la MTV angalau lilikuwa gari. Kamera ilipokuwa ya kituo, alijionyesha mwenye nacho. Sasa kamera iko mfukoni mwa kila mtoto, na asiye nacho anakodi.

Watu wazima wasijitoe hapo. Mafuta yalipopatikana kwenye kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, na serikali ya kaunti ikaja mwaka uliofuata, Lodwar iliingiwa na mishahara, magari makubwa na hafla za kila Jumamosi. Mama Akiru alikuwa ameshakaa kwenye hema za bethdei za watoto wa wenzake wa chama mara nyingi kiasi cha kutosha. Alipokubali tufanye bethdei ya namna hiyo, hakukubali kwa ajili ya Akiru peke yake.

Tunaishi Nawoitorong, upande wa ile nyumba ya wageni inayoendeshwa na akina mama, ukielekea barabara ya Kitale. Tukasema ukumbi wa nini, uani kwetu kunatosha. Mpambaji akaja kutoka Kakuma, kilomita 120 na ushee, na baluni zake, pazia lake na maboksi yake.

Mama yangu, ambaye watoto humwita ata, alikuwa ameketi kwenye kivuli akiwatazama.

"Mtachinja nini?"

"Tutakata keki, ata," Akiru akamjibu.

"Nimeuliza mtachinja nini."

Asije mtu akadhani ata ni wale wazee wa kusema zamani tuliishi kwa kiasi. Mahari yake ililipwa kwa ngamia, ng'ombe, punda na kundi la mbuzi, na mpaka leo anakutajia madume kwa rangi zao, mmoja mmoja, hasa mbele ya wakwe. Anapenda makuu kuliko sisi sote. Kilichomkera ni kwamba watu arobaini wamealikwa na hakuna mnyama aliyefungwa. Alinyanyuka, akachukua boksi kubwa kuliko yote, akalitikisa, akalifungua.

"Kilichokuwa humu amekula nani?"

Mpambaji alijaribu kueleza. Ata akafungua la pili.

Upinde ulisimamishwa chini ya mti wa mathenge, kwa kuwa ndicho kivuli pekee chenye nafasi. Mathenge uliletwa miaka ya themanini kuzuia jangwa, nao ukazuia karibu kila kitu kingine, hata njia za kwenda mtoni Turkwel. Miiba yake hutoboa tairi la pikipiki. Saa tisa upepo wa Lodwar ukaamka kama kawaida yake, na baluni zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine. Jirani yetu, aliyewahi kuwa polisi wa akiba kule Kainuk, alionekana amelala kifudifudi nyuma ya tangi, akiwafanyia wageni ishara wainamishe vichwa. Baadhi waliinamisha.

Kisha stima ikapotea na dijei akanyamaza. Bwawa la Turkwel linazalisha hadi megawati 106 katika mto huuhuu tunaochota maji, lakini kwa miaka mingi umeme wake ulipanda kwenda juu huko huku Lodwar ikiunguza dizeli. Sisi huwa hatuulizi tena, tunatafuta jenereta.

Keki ilifika kwa bodaboda kutoka stendi. Mwenye boda aliishusha kwa heshima ya maiti. Ghorofa ya juu ilikuwa imeingia ndani ya ile ya kati, ya kati imeteleza pembeni, na kitu kizima kimelala ubavu kama ngamia aliyegoma. Namba 1 haikuonekana. Mtoto akawa ametimiza miaka 6.

Akiru akalia. Hapo ndipo rafiki zake, kwa nia njema, wakaona wamtulize kwa desturi ya bethdei za Kenya nzima: wakatokea nyuma ya nyumba na ndoo mbili za maji.

Sijapata kumwona ata akikimbia, ila siku hiyo. Bomba lilikuwa kavu tangu katikati ya wiki na maji yale yalikuja kwa mkokoteni. Mwaka 2013 tuliambiwa chini ya bonde la Lotikipi kuna maji ya kututosha vizazi. Walipochimba wakakuta chumvi. Kwa hiyo kumwagia mtu ndoo mbili mchangani lilikuwa jambo la kujadiliwa, na likajadiliwa, ata ameshika mkono wa ndoo upande mmoja na wasichana upande wa pili, mpaka Mama Akiru akaleta karai la kufulia. Akiru akasimama ndani ya karai na gauni la watu, akamwagiwa polepole kwa sufuria asije akarusha tone nje. Maji yakapelekwa kwa mbuzi wa jirani, isipokuwa mmoja, ambaye wakati huo mjomba wa Akiru alikuwa ameshamlipia kwa M-Pesa.

Ata aligawa nyama mwenyewe, kila mtu na sehemu yake kwa umri na heshima, na jirani polisi akapata vizuri. Keki ililiwa kwa vijiko, na ilikuwa tamu.

Video ya Akiru ni ya sekunde kumi na moja. Ina pazia, maboksi, baluni tatu zilizosalia na upande mzima wa keki. Mwenzake wa Kakuma ameipenda.

Tulipokuwa tukipiga hesabu na mpambaji, ata aliuliza hii bethdei huja kila baada ya muda gani. Akaambiwa kila mwaka. Akaleta kitambulisho chake, ambacho wameandika mwaka wa kuzaliwa tu, akataka kujua siku inajazwa na nani. Mama Akiru akamwambia kwa utani kwamba achague mwenyewe. Amechagua tarehe 30, mishahara ikishaingia. Keki hataki. Rangi ya dume ameshaitaja.