Bolti Haijakaza Mpaka Ilie

Wapo watu wanaoamini kwamba bolti haijakaza mpaka ilie. Ukiwaambia inatosha, wanakutazama kwa huruma, halafu wanaongeza robo mzunguko. Kwenye behewa la treni hilo halina neno. Kwenye alumini ya boti, robo hiyo ndiyo inayogombanisha ndugu.

Shemeji yangu ni mmoja wao. Mimi na yeye tuna boti ndogo ya faiba kwa ubia, inayopeleka watu kisiwani Bongoyo kutoka Msasani. Ina turubai la kivuli juu ya nguzo nne. Kila nguzo imechomekwa kwenye kitako cha alumini, na ubavuni mwa kitako kuna bolti moja ya stenlesi, saizi M6, inayoibana isichomoke. Ukuta wa kitako una unene wa milimita 6, na uzi wa M6 husogea milimita 1 kila mzunguko. Kwa hiyo kusi likivuma, kinachoishikilia nguzo ni nyuzi sita. Basi shemeji akaja na spana aliyoichomekea bomba la maji kwenye mpini, eti ipate nguvu kidogo.

Haki itendeke, lakini: bahari ilikuwa imeshaanza kazi kabla yake. Stenlesi na alumini vikigusana kwenye maji ya chumvi huwa betri, na anayelipa bili ya umeme huo ni alumini. Inalika polepole na kuacha unga mweupe unaojaa kati ya nyuzi. Mwenye spana akiikuta bolti ngumu hudhani imekaza vizuri, kumbe imegandiana. Yetu ilikubali kutoka baada ya kusukumwa na bomba la maji, ikatoka imevaa nyuzi zote za kitako mwilini kama koti. Tundu likabaki laini. Bolti mpya iliingia kwa kidole, na ungeweza kuitoa kwa kupuliza.

Ufukweni hakuna siri. Kabla hatujafunga mdomo, baraza lilikuwa limekaa.

"Weka njiti ya kiberiti," alisema muuza pweza. Njiti ilishika vizuri sana mpaka injini ilipowashwa.

Kijana mmoja akaleta ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Ni tepu nzuri, imezuia maji kwenye nyumba nyingi, lakini haijawahi kuwa uzi. Wa tatu akaja na gundi ya chuma, ile ya mirija miwili unayochanganya kwenye kipande cha kadibodi. Hiyo kwa kweli ilishika. Ilishika Msasani, ikashika njiani, ikashika mpaka kisiwani. Wakati wa kurudi, tukiwa na akina mama wa kikoba kimoja waliovaa sare, nguzo ilichomoka na turubai likawashukia taratibu, wote kwa pamoja, katikati ya picha. Kukawa kimya kidogo. Kisha sauti ikauliza kutoka chini ya turubai, "Kapteni, ndiyo tumefika?"

Shemeji alijibu kwamba bado kidogo.

Pale tunapotia nanga hukaa mzee mmoja mshona nyavu. Tulimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho, akauliza kama ni kweli tundu dogo vile limetushinda watu wazima. Akatukumbusha mitepe: vyombo vilivyobeba mizigo pwani hii miaka na miaka, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja. Halafu akainuka, akatoa kamba, akaifunga nguzo kwenye ukingo kwa mizunguko ambayo mpaka leo siwezi kuirudia. Nilining'inia pale kwa uzito wangu wote. Haikutikisika.

"Ya muda tu hiyo," alisema shemeji, na tukapakia kitako kwenda Gerezani.

Fundi wa Gerezani aliingiza kidole tunduni, akamtazama shemeji, akamtambua bila kutambulishwa. Akasema njia ni mbili. Ya kwanza ni kutoboa kwa biti ya milimita 6.8 na kukata uzi wa M8, kisha kuweka bolti nene zaidi. Lakini hapo unakula nyama ya kitako, na siku huo nao ukifa hakuna pa kukimbilia. Ya pili ni springi: waya wa stenlesi uliosukwa kuwa uzi, unaokaa ndani ya tundu ili bolti ileile ya M6 irudi mahali pake. Tukachagua springi.

Alitoboa kwa biti ya milimita 6.3, akadondoshea mafuta ya taa, akaingiza tepu ya kukatia uzi. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, chembe zikatike na kutoka. Nusu mbele, robo nyuma. Hakuna haraka, kwa sababu tepu ni chuma kikavu: ukiilazimisha inakatikia ndani, na hapo unanunua kitako kipya. Shemeji alinyoosha mkono asaidie.

"Bosi, wewe shika tochi," alisema fundi.

Springi iliingia ikizungushwa kwa kifaa chake. Mwishoni ina kikia kidogo. Fundi alikigonga kwa pini mara moja, tik, kikaangukia ndani. Bolti ikashuka kwa vidole viwili na kukaa. Hapo shemeji aliuliza swali la maana kuliko yote aliyowahi kuuliza maishani: "Sasa stenlesi ndani ya alumini, si ndiyo iliyotuleta hapa?"

"Ndiyo," alijibu fundi. "Ndiyo maana grisi inauzwa." Akapaka nyingi, akatuagiza tuwe tunazifungua bolti na kuzipaka upya mara kwa mara, zisikae mwaka mzima zikila chumvi.

Shemeji alilisikia neno "kufungua". Jioni hiyohiyo alikwenda kuzikagua zile tatu zilizobaki, na bomba lake.

Sasa nguzo ya nyuma kushoto ina springi, na ile ya nyuma kulia ina kamba ya mzee. Ukipanda boti yetu, kaa upande wa kamba. Hiyo shemeji hajui kuikaza.